Uje Umesindikizwa na Msimamizi Wako

Toquecha, Boyacá
18 Julai 2022

Dada yangu Otilia,

Najua humo ndani unaitwa Mtawa Maria wa Kupaa, lakini mimi nilikubeba mgongoni ukiwa Otilia, na ni huyo ninayemsalimu. Mtawa anaweza kusoma begani kwako.

Sisi wazima, kwa kipimo cha umri wetu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. La kulia limestaafu, kama mimi. Kuku mweusi bado anataga. Baridi kali ya tarehe 9 ilichoma viazi, tumebaki na vile vidogo ambavyo Neftalí hula na maganda yake. Yeye mwenyewe ni mzima, amenenepa kidogo, anakusalimu sana. Hakusema hivyo, lakini angesema kama ningemwuliza.

Jana Jumapili radi zilipiga alasiri nzima. Kama kawaida niliacha kazi zangu, nikaenda kukaa kitandani kwake, nikamshika mkono mpaka zikatulia, asije akaogopa. Niliandika katika daftari langu la kila siku: "Radi. Nimemtuliza Neftalí." Nimepitia madaftari yote: ni mara ya mia mbili na kumi na moja tangu Mama afariki. Kazi ya usimamizi haina likizo.

Sasa jambo lenyewe. Mahakama ya familia imeniandikia. Unakumbuka mwaka 2003 hakimu alitamka kwamba mdogo wetu hawezi kuamua mambo yake, akaniteua mimi niwe msimamizi wake, ili aweze kurithi pensheni ya Baba. Basi, sheria ya 2019 imefuta habari hizo zote. Nimeisoma mara nne, penseli nyekundu mkononi. Inasema kila mtu mzima anahesabiwa kuwa na uwezo wa kuamua, hata kama anahitaji msaada. Kila aliyewekewa msimamizi zamani ataitwa mbele ya hakimu, ataulizwa anataka nini, na atachagua mwenyewe nani amsaidie kuamua, na katika mambo gani.

Aulizwe! Neftalí! Jana asubuhi nilimwuliza anataka supu ya maziwa na mayai au uji. Akajibu, "Ndiyo."

Barua ya mahakama ina kosa dogo la kikarani ambalo nitalishughulikia. Halina haja ya kukuchosha.

Mpango wangu ni huu. Masista wa Duitama wana nyumba ya kutunza watu wazima kama yeye, safi, yenye bustani. Nimemwekea chumba, watakishikilia hadi mwanzo wa Januari. Mimi nina miaka sitini na sita. Nikianguka bafuni, nani atamtunza? Ninachohitaji kwako ni karatasi moja tu: umwandikie hakimu, kama ulivyomwambia yule wa kwanza, kwamba Neftalí haelewi mambo na kwamba Duitama ni bora kwake. Neno la mtawa lina uzito kuliko la karani mstaafu wa idara ya maji.

Kaka yako,
Eliécer


Monasteri, Popayán
29 Agosti 2022

Kaka Eliécer,

Tumshukuru Mungu kwa goti la kushoto, na la kulia lipumzike kwa amani. Huku tuko kumi na mmoja sasa. Mtawa Brígida alituaga Juni akiwa na miaka tisini na minne, akilalamika kwamba supu haina chumvi. Mashine ya kuoka hostia iliharibika tukakata kwa mkono wiki mbili, nami vidole vimevimba kama soseji, ndiyo maana mwandiko wangu unatembea kama mlevi. Usinicheke.

Kama ujuavyo, Mama Mkuu husoma barua kabla yetu. Ya kwako aliniletea huku akizuia kicheko. Anakusalimu. Anauliza: huyo Neftalí, alipojibu "Ndiyo," ulimpa nini?

Na mimi nakuuliza hilohilo. Maana Neftalí ninayemkumbuka angekula supu, kisha uji, na jibu lake lilikuwa kamili.

Sikutumii karatasi. Si kwamba nakataa. Nataka kwanza unijibu jambo dogo: yeye anasemaje kuhusu Duitama? Katika barua yako nimesoma habari za goti, kuku, viazi, penseli nyekundu na masista wenye bustani. Neno la Neftalí nimelikuta moja tu, nalo lilihusu kifungua kinywa.

Mwulize, kisha uniandikie. Fanya kabla ya Majilio, maana unajua Majilio na Kwaresima hatuandiki wala hatupokei barua.

Kuhusu niliyomwambia hakimu wa kwanza, tuyaache kwa leo.

Dada yako katika Kristo, na nje ya Kristo pia,
Otilia


Toquecha
3 Oktoba 2022

Otilia,

Salamu kwako, kwa vidole vyako na kwa Mama Mkuu, ambaye sasa naona ni lazima nimwandikie kwa adabu. Kuku mweusi ameacha kutaga. Mvua zimeanza. Tumekula mahindi machanga.

Nilimpa uji. Mwambie hivyo.

Umeniagiza nimwulize, nami ni mtu wa utaratibu: niliamua kumwuliza Ijumaa tarehe 16 Septemba, saa kumi jioni, akirudi kanisani. Ni miaka sita sasa, kila Ijumaa na Jumamosi alasiri, Neftalí huenda kumfagilia Padre. Imo katika daftari langu, kila wiki, bila kukosa: "Neftalí: kanisani." Siku hiyo nikaona nimfuate huko huko. Nikamkuta Padre akijifagilia mwenyewe.

"Neftalí?" akasema. "Bwana Eliécer, huyo sijawahi kumwona na ufagio. Mtafute kwa Mama Hermencia."

Kwa Mama Hermencia, unajua, ni kiwanja cha tejo, wanakorusha visahani vya chuma na kunywa bia. Sikuwa nimekanyaga pale tangu ujana wangu, kwa sababu za kimaadili. Nikaingia. Wanaume kama kumi, kreti za bia, na mwisho wa uwanja, mbele ya kitanda cha udongo, mdogo wetu amepiga magoti, udongo hadi viwikoni. Ndiye anayeukanda. Ndiye anayeupiga usawa na kupanga vile vikaratasi vya baruti ambavyo kisahani cha chuma kikivigonga hulipuka. Baruti, Otilia! Mikononi mwa mtu ambaye mimi sijawahi kumruhusu kuwasha kiberiti!

"Karibu, Bwana Eliécer," akasema Mama Hermencia. "Miaka sita tunakungoja uje uone kazi ya mdogo wako. Umechelewa, lakini bia ipo."

"Huyu hawezi kukaa karibu na baruti! Hana uwezo! Kuna hukumu ya mahakama!"

"Hana uwezo? Hebu tazama mikono yake, kisha utazame ya hawa wengine. Hapa wenye akili timamu ndio wenye makovu."

Walicheka wote. Nilikuwa nimeinua kidole kujibu jambo zito, mara kisahani kikagonga, mlipuko ukalia. Nilipopata fahamu ya mahali nilipo, nilikuwa chini ya meza. Nilikuwa natafuta kofia yangu. Neftalí akaja akainama, akanitazama.

"Kaka, toka. Imeshalia."

Nikatoka. Kofia ilikuwa kichwani.

Nikamwuliza hapo hapo, mbele ya walevi kumi, maana nilikuwa nimepanga saa kumi na ilikuwa saa kumi na robo.

"Neftalí, unataka kwenda kukaa Duitama, kwa masista?"

"Wewe unataka?"

"Mimi nakuuliza wewe."

"Na mimi nakuuliza wewe."

"Huko kuna bustani."

"Basi nenda wewe." Akajifuta mikono kwa ruana yake, lile joho la sufu nililolifua Alhamisi. "Mimi nataka hapa. Nyuma kuna chumba. Kuna kitanda. Mama Hermencia ameniambia nije. Nilimwambia ngoja."

"Ngoja nini?"

Alirudi kwenye udongo wake, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa inaanza na watu walikuwa wamesimama.

Sasa umesikia anavyosema. Bila shaka wamemtia maneno mdomoni. Unaona mwenyewe hali ilivyo hatari, na jinsi karatasi yako inavyohitajika upesi. Kikao cha mahakama kimepangwa Machi.

Usiku ule sikulala vizuri. Ni goti.

Eliécer


Monasteri
20 Novemba 2022

Kaka mpendwa,

Leo ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kwa hiyo naandika nikikimbizana na kengele. Tu wazima. Mashine imepona. Mama Mkuu alisoma barua yako kwa sauti kwenye mapumziko, jambo ambalo si kawaida, na tulipofika chini ya meza Mtawa Clemencia alilazimika kutoka nje. Usikasirike. Humu hatuna televisheni.

Sasa nisikilize, maana nimeahirisha hili kwa miaka kumi na tisa, nikikutumia kila Pasaka picha ya mtakatifu badala yake.

Yule hakimu wa kwanza aliniuliza swali moja tu. "Je, mdogo wako anaelewa kwamba mama yake amekufa?" Nikajibu, "Hapana, Mheshimiwa." Wewe ulikuwa kwenye korido unapanga karatasi zako, hukunisikia.

Eliécer, alfajiri ile Mama alipokata roho, mimi na wewe tulikuwa tumelala. Neftalí ndiye aliyekuwa naye. Alimfumba macho. Akamvisha soksi za sufu, kwa kuwa miguu yake ilikuwa inapoa. Kisha akaja kunigusa bega akasema, "Mama ameshamaliza." Hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa kifo kile vizuri kuliko yeye.

Nilijua hivyo nilipomjibu hakimu. Lakini nilikuwa nimeshakubaliwa huku, niingie tarehe 8 Desemba. Kama hakimu angepata shaka, angeita kikao kingine Februari. Nilimnyang'anya ndugu yangu sauti yake ili nisichelewe kuja mahali pa kunyamaza. Sijui kama kuna dhambi ya kijinga zaidi ya hiyo, nimetafuta.

Watu hudhani sisi tulioweka nadhiri ya utii tumeacha kuamua. Kabla ya kuweka nadhiri, askofu aliniuliza mbele ya watu wote kama nataka. Mara tatu. Ningesema hapana, wangenipa koti langu na nauli ya kurudi. Neftalí hakuulizwa hata mara moja, na hakuna aliyemwekea koti mlangoni.

Kwa hiyo karatasi unayotaka sikuandikii. Nitaandika nyingine.

Na wewe uniambie ukweli wa lile "kosa dogo la kikarani." Tangu utoto wetu, ukisema jambo ni dogo, mimi huanza kutafuta mwamvuli.

Tutaonana baada ya Krismasi, kwenye karatasi.

Otilia


Toquecha
9 Januari 2023

Otilia,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa watawa wote, hasa Mtawa Clemencia, natumaini amesharudi ndani.

Barua yako niliisoma mara moja tu, bila penseli. Sina la kukuhukumu. Mimi nilikuwa kwenye korido, lakini mlango ulikuwa wazi.

Sasa kosa dogo. Nakuomba Mama Mkuu akae chini.

Ile barua ya mahakama ya Julai haikumwita Neftalí. Iliandikwa hivi: "Bwana José Eliécer Pulido Cuervo, aliyetamkwa na mahakama kuwa hawezi kuamua mambo yake mwenyewe, anaitwa kuulizwa matakwa yake. Aje akiwa amesindikizwa na msimamizi wake, Bwana José Eliécer Pulido Cuervo."

Nilidhani karani wao amelewa. Nikaenda ofisi ya vizazi kuchukua nakala ili nimwaibishe. Binti wa pale akanifungulia kitabu. Pembeni mwa kuzaliwa kwangu, kwa wino wa bluu, limeandikwa tamko lote la 2003. Pembeni mwa kuzaliwa kwa Neftalí hakuna hata doa.

Nilirudi nyumbani nikafungua majalada. Unajua nina jalada la kijani la Neftalí na la kijivu langu. Mama alipofariki niliyapanga upya yote, kwa utaratibu mpya niliojivunia sana. Otilia, nilitia cheti changu cha kuzaliwa katika jalada la kijani. Ofisini niliwapa cheti hicho pamoja na hukumu, wakafuata namba ya ukurasa iliyoandikwa kwenye cheti; kijiji kizima sisi ni akina Pulido Cuervo, nani angesoma jina la kwanza? Daftari langu la tarehe 28 Novemba 2003 linasema: "Nimepeleka hati. Kila kitu sawa. Makosa: hakuna."

Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa, katika vitabu vya jamhuri hii, Neftalí ni mtu huru anayeweza kuoa, kununua shamba na kugombea umeya. Asiyeweza kununua hata mbuzi ni mimi. Msimamizi wangu alikuwa mimi, na kwa haki ya Mungu hakunitendea vibaya, ila alikuwa mkali. Nilipiga kura za urais mara tano nikiwa katika hali hiyo. Labda hilo linaeleza mambo fulani.

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Nikuambie na la pili, maana nimechoka kulizungushia karatasi. Nilipoketi pale ofisini nikasoma, karibu na jina langu, "hawezi kuamua mambo yake mwenyewe," nilipandwa na hasira. Nikamwambia yule binti, "Lakini mbona hakuna aliyeniuliza?" Nilisema kwa sauti. Watu kwenye foleni waligeuka. Nikajisikia nikilisema lile neno, nikachukua kofia nikatoka.

Jioni nilimsomea Neftalí. Nilimweleza polepole, kwamba kwa miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa mzima na mimi ndiye niliyeandikwa. Alifikiri. Akanisogezea bakuli.

"Basi kaa, ule," akasema. "Mimi nipo."

Chumba cha Duitama muda wake uliisha tarehe 6. Masista walipiga simu. Nilikuwa karibu na simu, lakini goti.

Sijui hakimu atasema nini Machi. Naogopa kitu kimoja tu na nitakiandika upesi kabla sijakifuta: sheria inasema atachagua mwenyewe wa kumsaidia. Je, asiponichagua? Nimeamka saa kumi na moja kila siku kwa ajili yake kwa miaka kumi na tisa. Sina kazi nyingine ninayoijua.

Eliécer


Monasteri
12 Februari 2023

Kaka yangu, mtu usiyeweza kununua mbuzi,

Ni fupi, Jumatano ya Majivu imekaribia. Tu wazima. Mama Mkuu amekiri kwa padre kwamba anatamani mwisho wa habari hii kuliko anavyotamani Pasaka. Amepewa malipizi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yangu kwa hakimu. Ni mistari saba. Nimeeleza soksi za sufu, na jibu langu la 2003, na kwamba lilikuwa uongo. Unaweza kuisoma. Unaweza pia kuiacha kwenye jalada lisilo lake, nitaelewa.

Kuhusu hofu yako: sina cha kukuahidi. Mimi nilipoulizwa mara tatu na askofu, wewe ulikuwa umekaa kiti cha nyuma, na mara zote tatu uliomba niseme hapana. Nilikuona midomo. Nilisema ndiyo, na bado unaniandikia.

Swali moja, lijibu ukipenda. Zile radi mia mbili na kumi na moja. Utotoni, radi ikipiga, nani aliyekuwa akiingia chini ya kitanda cha Mama? Maana Neftalí nakumbuka alikuwa dirishani, akipiga makofi.

Otilia


Toquecha
14 Aprili 2023

Dada Otilia,

Kristo amefufuka, nami nimekawia kidogo tu kuliko yeye. Wote wazima, na idadi ya kuku imeongezeka kwa sababu ambazo yule mweusi alituficha. Nilikuandikia kichwani Kwaresima nzima. Hii ndiyo nakala.

Kikao kilikuwa Jumatano tarehe 15 Machi. Nilivaa suti ya mazishi. Neftalí alivaa ruana mpya na akakataa tai. Mama Hermencia alikuja naye, kwa mwaliko wake mwenyewe Neftalí, akakaa kati yetu akinukia baruti. Hakimu ni mwanamke wa umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. Alisoma karatasi yako kimya, akavua miwani, akaisoma tena. Kisha akashuka kutoka kwenye kiti chake cha juu, akavuta stuli, akakaa mbele ya Neftalí, magoti kwa magoti.

"Neftalí, unataka kuishi wapi?"

"Kwa Mama Hermencia. Nyuma. Kuna kitanda."

"Mbona hukuhamia mapema?"

"Nilikuwa namngoja Kaka azoee."

Hilo ndilo lile "ngoja," Otilia. Miezi sita nilikuwa nikilikwepa.

"Ukihitaji msaada kwa daktari, unamtaka nani?"

"Mama Hermencia. Hapigi kelele mbele ya daktari." Akanitazama. Ni kweli, mimi hupiga kelele.

"Na ukiwa na huzuni?"

"Otilia. Lakini yuko ndani. Atanisikia tu."

Nilikuwa nimeanza kuhesabu vigae vya sakafu. Nilifika kumi na tisa.

"Na Kaka yako Eliécer?"

Neftalí alifikiri kwa muda mrefu, kama anavyofikiri kabla ya kupanga vikaratasi.

"Karatasi," akasema. "Kaka anapenda karatasi. Akosee, si kitu. Na Jumapili, chakula."

Karani wa mahakama akaandika: "Ndugu Eliécer, kwa nyaraka zote." Nimepewa nilichokiharibu. Sikumbuki kama nimewahi kupewa cheo kikubwa zaidi.

Nikadhani tumemaliza. Hakimu akageuza stuli yake kwangu.

"Bwana Eliécer, kwa mujibu wa kitabu wewe ndiye uliyetamkwa. Nitafuta maandishi hayo leo. Lakini sheria inanilazimisha kukuuliza: kuna jambo ambalo ungependa kusaidiwa?"

Nikacheka. Nikasema mimi nimesoma sekondari, Mheshimiwa, nimesoma mita za maji miaka thelathini na moja, ninajitegemea. Nilisema mambo mengine mawili matatu yenye hadhi. Neftalí akaninyooshea kidole.

"Anaogopa radi," akamwambia hakimu. "Zikilia anakuja kitandani kwangu. Namshika mkono."

Nilitaka kueleza kwamba rekodi zangu zinaonyesha vinginevyo, kwamba kuna maingizo mia mbili na kumi na moja. Mama Hermencia alinitazama, si kwa dhihaka. Nikasema, "Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na ungependa nani akusaidie?"

"Huyo hapo. Kama anataka. Mwulizeni."

Wakamwuliza. Akasema ndiyo, na nadhani mara hii hakumaanisha uji.

Karani akauliza kama radi inaweza kuandikwa katika hati ya mahakama. Hakimu akasema sheria haiitaji, lakini pia haiikatazi. Imeandikwa. Nina nakala mbili, katika jalada la kijivu, nimefungua nikahakikisha.

Neftalí alihama tarehe 18. Nilimbebea godoro mimi mwenyewe, na walevi wakasimama kutupisha. Ni hatua mia moja na arobaini kutoka mlango wangu hadi wake. Nimezipima, nisingekuwa mimi kama nisingezipima. Wiki ya kwanza niliendelea kuamka saa kumi na moja, nikasimama jikoni. Wiki ya pili nikapika uji wa watu wawili nikaula wote. Wiki hizi sasa napika wa mmoja, bado unazidi.

Jana, saa tisa alasiri, radi ya kwanza ya mwaka ikapiga. Nilikuwa mezani na daftari. Nilijiambia nina miaka sitini na saba, na ni umeme tu, umeelezwa katika kitabu cha kidato cha tatu. Ya pili ilipiga karibu na mnara wa kanisa. Nikaona ni busara kukagua hali ya sakafu chini ya meza.

Nilikuwa huko huko mlango ulipofunguliwa. Niliona buti mbili zenye matope. Kisha ruana inadondosha maji, na mikono yenye udongo hadi viwikoni. Alikuwa ameacha zamu katikati, na watu wamesimama.

"Kaka," akasema, "unataka nikae huku chini au utatoka?"

Otilia, alisubiri jibu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, naye alikuwa ameinama vilevile, analisubiri jibu langu kama mtu ambaye hana safari nyingine.

Nikasema akae. Akaingia chini ya meza, akanishika mkono. Udongo wa tejo ni baridi sana, sikuwa najua.

Ilipotulia alirudi kazini. Nami nikafungua daftari nikaandika, na nakunakilia neno kwa neno ili Mama Mkuu awe na mwisho wake: "Alhamisi, 13 Aprili. Radi. Neftalí amenituliza." Kisha nikarudi nyuma, penseli nyekundu mkononi, hadi Julai 2003. Nimesahihisha arobaini na tatu. Nitafanya zilizobaki Jumapili, akija kula.

Kaka yako,
Eliécer